Ndege Niliyemwosha kwa Sabuni

Mwaka 2021 sisi wa Fairfield, huku ughaibuni, tulifungiwa ndani kwa ajili ya korona. Asubuhi moja, baada ya dhoruba, nikakuta ndege wa baharini kaanguka uani kwangu, mweusi, hoi kabisa. Jirani yangu Verdiane akaziba pua juu ya barakoa.

"Mzee, ananuka samaki aliyeoza!"

Mimi korona iliniachia uhai ikaondoka na pua. "Sisikii harufu yoyote."

"Wewe hata choo kikifurika hutajua."

Basi nikamwosha kwa sabuni ya vyombo, maana kwetu mgeni hupewa maji ya kuoga kwanza. Kisha Verdiane akawapigia simu waokoaji wa ndege. Akaja mama mmoja wa Kizungu, Verdiane akawa ananitafsiria.

"Anasema hawa huvuka bahari nzima wakifuata harufu, mpaka kwenye shimo walikozaliwa."

Nikashtuka. "Kwa hiyo nimeosha njia yake?"

"Hapana, anasema njia iko puani mwake. Ila umemtoa mafuta ya manyoya. Akitua majini atalowa, azame. Atakaa kwa waokoaji mpaka mafuta yarudi."

"Halafu atafika?"

"Anasema labda."

Yule mama akaondoka naye. Nikabaki uani nikivuta hewa. Nimezaliwa Burundi, nimezeekea kambini Tanzania, sasa niko hapa. Pua ikirudi, sijui itanielekeza wapi.

"Unanusa nini, Mzee?"

"Sijui. Wewe unasikia harufu gani?"

"Sabuni," Verdiane akasema.