Mstari Chini ya Barua ya Mwalimu

...saba tayari, nane na wa Celestine, hata Celestine jamani, ameinua mkono bila kunitazama, na Mama Dorca anahesabu kwa kalamu kama anayehesabu watoto wa shule ya Jumapili, "wale wanaotaka mstari ubaki," anasema, feni inazungusha joto lile lile la saa nane mchana, na Fabian amekaa dirishani, ziwa lote liko nyuma ya kichwa chake kana kwamba ni lake, miezi minane tu tangu atoke Nairobi na sasa watu wanaiita Njiwa programu ya Fabian, Njiwa niliyoiandika mimi miaka mitatu chumbani kwangu Nyalenda, stima ikipotea naendelea kwenye daftari, nikitaka tu walimu na wauguzi wenye simu kuukuu watume barua pepe bila kulipa mtu, na nilipomaliza Mama Dorca alisema asante Nabwire, tukanywa chai, basi... Fabian yeye ameongeza mstari mmoja, mmoja, chini ya kila barua ya kila mtu, Umependa barua hii? Pakua Njiwa, ni bure, wenye barua hakuwauliza, eti ni majaribio, watumiaji wakaongezeka mara mbili na yeye akaletewa keki, keki yenye jina lake, nikala kipande changu nikitabasamu mpaka mashavu yakauma... "Mtu amepewa kitu bure," anasema Fabian, "sasa akiwaambia wengine alikitoa wapi, ubaya uko wapi?" na vichwa vyote vinaitikia, lakini mimi jibu ninalo, kwamba barua ni ya aliyeiandika, kwamba huwezi kumtia mtu maneno mdomoni halafu useme umemsaidia, jibu zuri, nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo, ila... kama wazo lingekuwa langu? si mimi ndiye niliyetaka mwaka ule wa kwanza kuandika chini Imetengenezwa na Nabwire, Kisumu, nikaona haya nikafuta, acha, hiyo ni tofauti, ni tofauti vipi, acha... ninayo barua ya Mwalimu Mukhwana, iko hapa kwenye simu chini ya meza, hiyo itamnyamazisha, Mwalimu wa huko Kombewa, anatumia Njiwa tangu mwanzo, aliwaandikia wazazi wa wanafunzi wake kwamba mke wake amefariki, mazishi Ijumaa, na chini ya neno mazishi Njiwa ikaongeza Umependa barua hii?, na mzee mmoja akamwuliza pale pale kaburini, mbele ya watoto, "Mwalimu, mama wa hawa umemfanya tangazo?", naye akaniandikia mimi, si Fabian, mimi, kwa sababu jina langu bado liko kwenye ukurasa wa msaada, akaniwekea na ile barua ya wazazi niione, "Dada Nabwire, ni mimi niliyeweka maneno haya bila kujua? Nionyeshe nitoe," ndivyo alivyoandika, akidhani kosa ni lake... ilifika Jumatatu, leo ni Alhamisi, nilikuwa jikoni, omena ikaungua kwenye sufuria nikisoma, na moyo wangu... sema tu, hakuna anayekusikia, moyo wangu ulifurahi, nilisema kwa sauti, sasa nimekupata Fabian, nikaiweka barua tayari kwa siku ya leo, na Mwalimu sikumjibu, hata neno pole, hata hapana Mwalimu, si wewe, na ule mstari ningeweza kuuzima mwenyewe jioni ile, ninayo ruhusa, ni kazi ya dakika mbili, lakini ningeuzima kimya kimya nani angemwona Fabian akiaibika, nikauacha, siku tatu nzima, ni wangapi wameandika mimba imetoka, wangapi wameandika naomba unisamehe, na chini yao Umependa barua hii?, mpaka Jumatatu lilikuwa kosa la Fabian, tangu Jumatatu ni langu... "Nabwire," anaita Mama Dorca, "mama, mkono wako hatujauona, uko upande gani?" na Fabian ananigeukia, kucha zake amezitafuna mpaka nyama, sikuwahi kuziona, huyu mtu anaogopa, ananiogopa mimi, "Sema tu, Nabwire," anasema polepole, "hii kitu ni yako, mimi nimeongeza tu," na maneno hayo nimeyangoja miezi minane, na sasa yamekuja sina pa kuyaweka... nitasoma barua, basi, nitasimama niseme Mwalimu Mukhwana wa Kombewa amefiwa na mke wake, mke wake aliyekuwa anaitwa... anaitwa nani, nimeisoma mara tano, najua kila mahali ambapo Fabian angeona haya, anaitwa nani huyu mama, "Nabwire?", kalamu ya Mama Dorca bado iko hewani, mikono minane bado iko juu, wangu uko chini ya meza, kidole gumba kinapandisha barua, juu, juu zaidi, mpaka mstari wa kwanza kabisa, mke wangu mpenzi Awuor, ameandika, Awuor, na mimi nilikuwa nikimruka kila mara ili nifike kule chini.