Ruta Iliyoombewa

Jumatano, tarehe 7 Mei 2025. Asubuhi hiyo mvua ya mawe ilikuwa imepita Mogogosiek kabla ya saa moja, ikaacha majani ya chai yametobokatoboka na njia za mashamba zimetapakaa barafu iliyokuwa ikiyeyuka polepole. Kisha jua likatoka, baridi ikabaki palepale. Bilhah, mjane wa Onyiego, alisimama mlangoni pake akamshukuru Mungu kwa mabati ambayo hayakutoboka. Akamshukuru tena alipomwona msichana mwenye buti za mpira akishuka kilima, kisanduku cheupe kwapani. Huyo alikuwa Chepngeno, fundi wa intaneti kutoka mjini Kericho, na ndani ya kisanduku mlikuwa na ruta, kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani.

Bilhah alikuwa na miaka hamsini na sita. Alikuwa amechuma chai tangu ujana wake bila kujua kuandika jina lake, hata siku ya kupokea barua ya rambirambi ya mumewe aliweka dole gumba. Lakini huu ulikuwa mwaka wake wa tatu katika masomo ya ngumbaru, jioni kwa jioni, katika shule ya msingi iliyo karibu na kiwanda. Sasa mwalimu wake, Caren, alikuwa amempendekeza kwa mtihani wa kusoma kwa sauti na kujibu maswali. Atakayepita angeingia darasa la jioni la sekondari. Atakayekosa angengoja mwaka mzima, na Bilhah hakuwa na uhakika kama magoti yake yangeukubali mwaka mwingine wa kupanda kile kilima gizani.

Msahihishaji alikuwa Kericho, na mtihani ungefanyika kwa video, kila mtu kwao nyumbani, Jumatano ya tarehe 14 saa nne asubuhi. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Nyumba ya Bilhah ilikuwa bondeni, na mtandao wa simu ulikuja na kuondoka kama mgeni asiyetaka kukaa akanywa chai. Mwanawe Vinny, aliyefanya kazi Nakuru, aliposikia hivyo akampigia Chepngeno.

Chepngeno alifunga antena juu ya paa, akapitisha waya dirishani, akaiweka ruta juu ya kabati la vyombo. Taa zake zikawaka, kijani zote. Akaigeuza chini juu, akamwonyesha Bilhah stika yenye maandishi madogo. Alimweleza kwamba stika hiyo ilikuwa na paswadi mbili. Moja ilikuwa ya kuingia kwenye waifai. Ya pili ilikuwa ya kuingia ndani ya ruta yenyewe, mahali ambapo mtu anaweza kubadilisha kila kitu. Zote mbili zilifaa kubadilishwa siku hiyohiyo.

Bilhah akakataa kwa upole. Kwao kitu kipya hakikuguswa kabla hakijaombewa, awe ng'ombe, liwe tangi la maji, uwe mlango. Akina mama wa kikundi cha kanisa wangekuja kesho, Alhamisi, na baada ya maombi atabadilisha.

"Basi, Mama Vinny, hii stika usionyeshe mtu," Chepngeno alimwambia akivaa buti. "Mkimaliza kuomba, nipigie."

Bilhah aliahidi, akamfungia mayai sita kwa shukrani.

Alhamisi akina mama walikuja kumi na wanne, wakajaza sebule. Waliimba, wakaomba, wakaiwekea ruta mikono kama mtoto anayebarikiwa. Nyanya Bitutu, mkongwe wao, aliiombea isiingize uchafu nyumbani, ilete neno jema tu. Bilhah alilia. Miaka mitatu nyuma wanawake hawa hawa walikuwa wakimbebea daftari chini ya leso ili watu wasimcheke njiani, na leo walikuwa wakimwombea chombo cha kusomea.

Lakini desturi yao haikuishia kwenye amina. Aliyekuja kuombea ng'ombe aliyezaa hakurudi kwake bila kikombe cha maziwa, na aliyeombea tangi aliondoka na jagi la maji. Kunyima wageni cha kwanza ni kuifunga baraka mlangoni. Kwa hiyo Esnah, jirani wa upande wa barabara, mama mcheshi asiyejua kuongea polepole, alipouliza wataonja nini leo, Bilhah hakuona jibu lingine ila kuwaonjesha intaneti. Alijua Chepngeno alimwambia nini. Alijua pia wageni wake walikuwa wamekaa wakingoja. Esnah aliigeuza ruta, akavaa miwani, akasoma stika kwa sauti kuu kuanzia juu mpaka chini, paswadi zote mbili, na akina mama wakaandika kwenye simu zao, wasio na simu kwenye viganja. Wakaondoka wakimshukuru Mungu.

Bilhah hakumpigia Chepngeno. Alijiambia atampigia kesho. Kesho ikawa Ijumaa, ikawa Sabato.

Ilipofika wikendi, ua wa Bilhah ulikuwa umepata wageni. Watoto wa akina mama walikaa kwenye ukingo wa shamba wakitazama video. Gibson, mume wa Esnah, alikuwa na kibanda cha kinyozi kando ya barabara, hatua ishirini kutoka dirisha la Bilhah. Wateja wake sasa walinyolewa wakitazama mpira, na waliokwisha kunyolewa hawakuondoka. Waendesha bodaboda nao wakahamisha stendi yao ikawa pale. Bilhah aliwasalimu wote. Moyoni alisema, Bwana, umenipa kitu cha kugawa, nami sikuwahi kuwa nacho.

Jumatatu mwalimu Caren alimpigia kwa video wafanye mazoezi. Bilhah alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alisoma sentensi mbili, na uso wa mwalimu ukaganda mdomo wazi. Ukarudi, ukaganda tena. Mara ya tano simu ikakatika kabisa, maana kila aliyekuwa nje alikuwa akiutumia mtandao uleule. Caren alituma ujumbe, na Bilhah aliusoma mwenyewe herufi kwa herufi, akitamani kwa mara ya kwanza kwamba hangejua kusoma: ikiwa hivi Jumatano, msahihishaji angeandika kwamba hakufika.

Alipiga magoti kando ya kitanda. Hakuomba muujiza. Aliomba ujasiri wa kumpigia simu yule msichana na kukiri.

Chepngeno alifika Jumanne saa tatu. Hakumkaripia. Alifungua kompyuta yake ndogo, akajaribu kuingia ndani ya ruta kwa paswadi ya stika, ikakataa. Akajaribu tena. Akamgeukia Bilhah akamwambia kwamba mtu alikuwa ameingia kabla yao akabadilisha ufunguo, na kwamba kwa sasa mwenye nyumba hakuwa Bilhah.

Maneno hayo yalimchoma Bilhah kuliko alivyotarajia. Alikaa kwenye kiti, akayapitisha majina kumi na manne kichwani, na kila jina lilikuja na jambo jema ambalo mwenye jina hilo alikuwa amemtendea. Alishindwa kumshuku hata mmoja. Hilo nalo akalishukuru.

"Iko njia," Chepngeno alisema. "Una sindano?"

Bilhah alileta sindano ya kushonea. Nyuma ya ruta palikuwa na kitundu kidogo kama tundu la shanga. Chepngeno aliingiza sindano akabonyeza, akamwomba Bilhah ahesabu mpaka kumi na tano. Taa zikazimika zote. Zilipowaka tena, ruta ilikuwa imesahau kila kitu, ikawa kama ilivyotoka kiwandani.

Kisha wakaanza upya, na safari hii mikono iliyobonyeza ilikuwa ya Bilhah. Kwanza walibadilisha paswadi ya ndani ya ruta. Bilhah alitaka kuweka fungu la Biblia la mwaka la kikundi chao. Chepngeno akacheka, akamuuliza ni akina mama wangapi wanalijua kwa moyo. Wote, Bilhah akasema, akaelewa. Fundi alimshauri achague maneno manne yasiyohusiana, ambayo hakuna anayemfahamu angeyakisia, kisha akageuza uso ukutani. Bilhah aliyachagua, akayaandika kwenye daftari lililolala chini ya godoro. Hata katika maombi hakuyataja kwa sauti, maana Mungu husikia ya moyoni pia.

Baada ya hapo walibadilisha paswadi ya waifai na jina lake, wakaiacha ruta ijisasishe, kama mtoto anayepelekwa kliniki kumalizia chanjo. Mwishowe Chepngeno alimwonyesha kitu ambacho Bilhah hakujua kipo: mtandao wa pili, wa wageni. Wageni wangeingia sebuleni, wasifike chumbani. Mwenye nyumba ndiye angepanga saa za kuufungua na kuufunga. Bilhah alikiangalia kitufe cha kuufungulia, akasema Mungu ambariki aliyekitengeneza, lazima alikuwa na majirani.

Kazi ngumu ilibaki. Jioni hiyo kikundi kilikutana kwa Esnah, na Bilhah alisimama kabla ya wimbo wa kwanza. Aliwaambia amebadilisha ufunguo. Ndipo Esnah akaongea, na hakuwa akicheka.

"Maziwa yaliyokwisha kunywewa hayarudishwi kwenye kibuyu, Mama Vinny. Tuliomba na wewe. Sasa tumekuwa wezi?"

Bilhah hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Lakini alikuwa amefuga ng'ombe maisha yake yote.

"Ng'ombe akibakiza miezi miwili azae, mnamkamua?"

Kila mmoja alijua kwamba ng'ombe huyo huachwa akauke, na jirani mwenye akili haji na kikombe.

"Mimi nazaa kesho saa nne," Bilhah alisema. "Niacheni nikauke mpaka saa sita. Sijawaita wezi. Nimewatengea mlango wenu."

Nyanya Bitutu ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha kifuani, akasema hajapata kusikia mimba ya umri huu tangu habari za Agano la Kale. Sebule ikapasuka kwa vicheko. Esnah alijaribu kununa, akashindwa, akafuta macho kwa kona ya leso. Na hapo Gibson, aliyekuwa amesimama mlangoni akingoja chai, akakohoa. Akaungama kwamba ni yeye aliyebadilisha ufunguo wa ndani. Aliona watu wa bodaboda wamezidi, akataka kuwafungia nje kwa ajili ya Mama Vinny, akabonyeza hapa na pale, kisha akasahau alichoandika. Tangu Jumapili alikuwa akiogopa kupita mbele ya nyumba ya Bilhah.

"Hata mteja mmoja nimemnyoa vibaya kwa mawazo," alisema.

"Mmoja tu?" mkewe akamuuliza.

Bilhah alimshika mkono akamshukuru. Alikuwa ametaka kumlinda, na hilo lilimtosha.

Jumatano saa nne kasorobo, akina mama walikuja bila kuitwa. Walizima simu zao, wakaziweka kwenye kikapu cha chai, wakakaa sebuleni kimya kama watu wa matanga. Gibson alifunga kibanda chake. Uso wa msahihishaji, Bwana Kiptanui, ulitokea kwenye simu, haukuganda. Bilhah alisoma ukurasa mzima kuhusu utunzaji wa chemchemi. Alikwama kwenye neno moja, akarudi nyuma, akalivuka. Alijibu maswali saba. Bwana Kiptanui aliandika, akainua macho, akamwambia kwamba darasa la sekondari lingeanza Jumatatu na jina lake lingekuwamo.

Bwana Kiptanui alikuwa na jambo moja zaidi. Wengi wa umri wake, alisema, huanza na hawamalizi, kwa hiyo yeye humtaka kila mmoja atamke nia yake, na watu wasikie. Je, alikuwa na mashahidi?

Bilhah aliigeuza simu taratibu ili Bwana Kiptanui awaone wote kumi na wanne, na Gibson mlangoni, kofia mkononi. Kisha akaigeuza kwake. Hakupiga magoti, alisimama wima.

"Mimi Bilhah, mbele za Mungu, na mbele ya Nyanya Bitutu, na Esnah, na hawa wote walioniombea," alisema, "naahidi nitasoma mpaka kidato cha nne, na nikipewa uhai cheti chake nitakisaini kwa mkono wangu."

"Amina," akina mama wakasema, na Bwana Kiptanui, kule Kericho, naye akasema amina.