Kidole cha Bosi

Mpwa wangu tulimwita Bosi, maana hana hata jino moja lakini nyumba nzima inamtii. Siku hiyo alilia tangu asubuhi. Ziwa hataki, mgongo hataki, hata nyuso zangu za kikatuni alizikataa.

"Ni tumbo tu," mama alisema, akimkanda.

"Tumbo wapi, mama! Huyu anadai likizo."

Dada yangu, mama yake Bosi, hakucheka. Alikaa kitandani akijikuna kichwa, na nywele zikimtoka kwa vishungi, kama zilivyokuwa zikimtoka tangu ajifungue. Nilizoea kumwambia zikijaa mfuko tutashona wigi.

Nikaamua kumtekenya Bosi nyayo. Nikamvua soksi ya kushoto: salama. Nikavua ya kulia, nikamwita dada.

Kidole cha kati kilikuwa kimevimba, rangi ya bilinganya. Kwenye shina lake kulikuwa na mfereji mwembamba, kama mtu alianza kukikata kwa wembe akaghairi.

"Mungu wangu!" dada alipiga ukelele. "Nani kamfunga mwanangu?"

Zahanati iko ng'ambo ya barabara. Nilivuka nimembeba Bosi, dada peku nyuma yangu. Nesi alivaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kidole.

"Unywele," akasema.

"Unywele?" Nilidhani ananitania.

"Ulinasa ndani ya soksi, ukajizungusha. Kila akirusha mguu, unakaza. Ukikaza, damu haipiti, na damu ndiyo inayoipelekea nyama hewa. Kidole hiki kimekabwa koo."

"Kitapona?" dada aliuliza.

"Nikate kwanza. Rangi isiporudi, ni hospitali kubwa, na huko wanaweza kukiondoa."

Akapenyeza ncha ya mkasi mdogo ndani ya ule mfereji. Bosi alipiga yowe nikahisi meno yangu yanauma. Unywele ukakatika. Nesi akakibonyeza kidole, akakiachia. Bilinganya ileile. Tukangoja. Akabonyeza tena.

Kisha wekundu ukaanza kupanda, polepole, kutoka shinani hadi kwenye ukucha. Bosi akanyamaza katikati ya kilio, akashusha pumzi, akampiga nesi teke la miwani.

Dada alikuwa ameushika ule unywele kwenye mwanga. Mrefu, mweusi, wake.

"Nesi, mkasi huo usiuweke chini," akasema, akiinamisha kichwa.

"Nipunguze?"

"Toa zote."