Mwacheni, Ni Mke Wangu

Watu walimwita Msumari, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa miaka hamsini na mitatu, kitambi mbele, kipara juu. Lakini kila palipokuwa na shoo ya panki alitoa kabatini koti la ngozi lenye vyuma vilivyochongoka mabegani, akalivaa, akajiona kijana wa juzi. Na nikisema panki usinifikirie ile ya kinyozi. Nasema muziki: magitaa yananguruma, ngoma inatwangwa utadhani imemtukania mtu mama yake, na mwimbaji anapayuka mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Wimbo mzima dakika mbili. Watu wanasukumana, wanarukiana, wanarudi nyumbani wakichechemea, halafu wanakuambia wamestarehe.

Miaka ishirini na saba mtu huyu alikuwa kwenye mambo hayo. Jino la mbele aliliacha kwenye ukumbi wa shule moja, kiwiko cha mtu kilimpitia. Sikio la kushoto lilikufa ghalani, siku aliyosimama mbele ya spika tangu bendi ya kwanza hadi ya tisa kwa sababu hakutaka kupoteza nafasi. Kuna tamasha alilala siku tatu kwenye matope, hema limechukuliwa na upepo, akila biskuti zilizolowa, na ukimsikia akisimulia utadhani alikwenda harusini. Alijua nani alipiga wapi, mwaka gani, na nani alimrushia nani kiatu. Lakini mwulize kifungua mimba wake alizaliwa tarehe ngapi, atakuna kichwa kwanza. Siku hiyo bendi ya Kutu ilikuwa inapiga ndani ya bwawa la kuogelea lisilo na maji, na yeye alikuwa humo. Mkewe alipelekwa kujifungua na dada yake, na dada huyo hajasahau mpaka kesho.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mpole lakini si wa kuchezewa. Miaka ishirini na miwili alifua fulana za mumewe zenye mafuvu, akamchua mgongo kwa dawa kila Jumapili, akaziita shoo zake zote kwa jina moja tu, kelele zako. Hakukanyaga hata moja. Alikuwa na madaftari ya watoto wa watu ya kusahihisha, na watoto wake mwenyewe wa kulea.

Basi kitinda mimba naye akahama, nyumba ikabaki na wawili. Siku moja mezani mwalimu akaweka kijiko chini akasema amechoka kukaa peke yake kila Jumamosi. Atakwenda naye mara moja, moja tu. Akipenda, watakwenda wote mpaka wazeeke. Asipopenda, koti hilo linaingia kwenye gunia na mume hatoki tena. Msumari akakubali palepale kabla hajamaliza kutafuna. Baadaye ndipo jasho lilipomtoka, maana aliona ameweka rehani miaka ishirini na saba kwa mchana mmoja.

Tamasha lilikuwa kwenye uwanja wa zamani wa mpira, bendi kumi na moja, kuanzia asubuhi hadi jioni. Msumari alimwandaa mkewe kama anampeleka kwa wakwe: vizibo vya masikio, kofia, viatu vyepesi, chupa mbili za maji. Akamtambulisha kwa kila mtu. Akamtambulisha kwa Mama Buti, mwanamke wa miaka sitini, mchomeleaji vyuma, ambaye kwenye shoo zote kazi yake ilikuwa kuinua walioanguka. Maana watu wale, pamoja na ukichaa wao, wana sheria moja isiyovunjwa: mtu akianguka kwenye msukumano, walio karibu wanaacha kila kitu, wanamwinua. Msumari alimweleza mkewe sheria hiyo mara nne. Aliisema kwa fahari, na kweli ni jambo la kujivunia.

Saa saba mchana walikuwa kwenye foleni ya choo. Mwalimu akawa anausugua mkono wake wa kulia. Akasema umekufa ganzi, na kichwa kinamgonga upande mmoja. Msumari akamwambia ni spika hizo, zinatikisa damu, mtu yeyote siku ya kwanza huwa hivyo. Akamwambia anywe maji.

Nusu saa baadaye akasema tena. Safari hii aliongeza kwamba anataka kwenda nyumbani. Hapo Msumari moyo ulimpasuka, lakini si kwa sababu ya ule mkono. Alichosikia yeye ni nyumbani tu. Aliliona gunia, akaliona koti likiingia ndani yake. Akaanza kubembeleza: Kutu wanapanda saa tisa, awasikie Kutu tu, bendi iliyompa mumewe maisha, kisha wataondoka hata kwa miguu. Mwanamke wa watu akakubali. Akakaa kwenye nyasi, mkono umelala mapajani.

Ilipofika saa nane na nusu alimwita mumewe, na neno likamkwama. Likatoka nusu, la pili halikutoka kabisa. Msumari akacheka, akasema karibu chamani, hapa kila mtu hupotewa na sauti. Halafu akamtazama vizuri usoni. Mdomo wa mwalimu ulikuwa umekwenda upande. Sasa wapenzi wa panki wana namna yao ya kupindisha mdomo, wanaupinda upande mmoja kama wanataka kuutemea ulimwengu, ndivyo wanavyopigwa picha, ndivyo walivyochorwa hata migongoni mwa makoti yao. Msumari alipouona ule mdomo, unajua alifikiri nini? Alifikiri mke wangu amekolea. Jamani. Alimgusa Mama Buti kwa kiwiko ili naye aone.

Kutu wakapanda. Wazee watupu, mpiga gitaa kavaa miwani ya kusomea, lakini walipogonga tu uwanja ulichafuka. Msumari akamwinua mkewe kwa kumshika kiunoni, akamsogeza mbele, karibu na jukwaa. Mguu wa mwalimu mmoja ulikuwa unaburuta nyasi. Akamwambia jikaze mama watoto, tumefika.

Kuna wimbo wao unaitwa Bosi, Nimekufa. Mfanyakazi anamtumia bosi wake salamu kwamba leo haji, amefariki, atafute mwingine. Katikati ya wimbo mwimbaji anapiga ukelele kwamba amekufa, na watu wote, hata wawe elfu, wanajitupa chini na kunyamaza. Kimya kabisa. Wanalala hivyo mpaka ngoma irudi, kisha wanaruka juu wote kwa pamoja. Atakayebaki chini wa mwisho ndiye marehemu wa leo. Huyo anazungukwa, watu wanakimbia duara kumzunguka wakimwimbia matanga, na ni mwiko kumgusa mpaka ashindwe na kicheko mwenyewe. Ni hapo tu ile sheria ya kuinuana inapolala. Msumari aliutafuta umarehemu huo miaka yote na hakuwahi kuupata, maana alikuwa mwepesi wa kucheka.

Mwalimu alianguka kabla ya ukelele. Nitasema wazi, na Msumari mwenyewe alijua: alianguka wakati watu wote bado wamesimama, akaenda chini upande upande bila kujikinga na mkono. Mumewe akajiambia ana haraka, mgeni huyu, hajui bado kipimo. Kisha ukelele ukapigwa, uwanja mzima ukalala, na Msumari akalala kando ya mkewe, pua kwa pua, akamkonyeza. Jicho la mwalimu lilikuwa wazi linamtazama. Akamnong'oneza kwamba anafanya vizuri sana, asicheke tu.

Ngoma ikarudi. Watu wakaruka. Mwalimu akabaki.

Duara likaanza. Watu mia wanamzunguka wakiimba matanga, na katikati yao yupo mke wa Msumari, mke ambaye miaka ishirini na miwili aliita haya yote kelele. Msumari machozi yalimtoka. Sikuchekeshi, alilia kwa furaha. Aliona Jumamosi zote zilizobaki za maisha yake, wawili, na viti viwili vya kukunja. Mama Buti ndiye aliyesimama. Alimtazama yule mwanamke chini, akauona mkono ulivyokunjika chini ya ubavu, akavunja duara akainama kumshika. Msumari akamwahi, akamvuta bega.

"Mwacheni," akasema. "Ni mke wangu. Mnamharibia."

Mama Buti akamwambia huyu hachezi. Msumari akamwambia yeye ndiye anayelala naye kitanda kimoja, anamjua kuliko mtu yeyote. Nani atabishana na neno hilo? Mama Buti akarudi nyuma. Duara likaendelea wimbo mzima, na kwa kuwa marehemu hakuamka, Kutu wakafurahi wakaupiga tena tangu mwanzo. Ni harufu iliyomshtua Msumari. Mkewe alikuwa amejikojolea.

Gari la wagonjwa lilichelewa kupenya umati, barabara nayo ilikuwa imejaa. Walipofika hospitali, mwalimu akapigwa picha ya kichwa, akalazwa kwenye kitanda chenye magurudumu nyuma ya pazia la kijani. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala. Ulimi haukutoa neno, lakini macho yalikuwa yanasikia kila kitu. Msumari alisimama kando na koti lake la vyuma, wagonjwa wengine wakimwangalia, na kila akigeuka alikwaruza pazia.

Shemeji yake akafika, dada mtu, yuleyule aliyempeleka mwalimu kujifungua. Hakumsalimu. Aliuliza jambo moja tu, kama mdogo wake alikuwa amelalamika kitu mapema. Hapohapo daktari akaingia.

Daktari alikuwa binti ambaye Msumari angeweza kumzaa, na aliongea haraka. Ni kiharusi, akasema, damu imeganda kwenye mshipa wa kichwa. Ipo dawa ya kuyeyusha, na wengine huinuka nayo wakatembea. Lakini ni dawa ya muda. Akaitazama saa ukutani, ilikuwa saa kumi na mbili kasoro.

"Mzee, nisikilize vizuri," akasema. "Kama ilianza saa tisa alipoanguka, bado tuna nafasi. Kama alikuwa na dalili tangu mchana, nafasi imekwisha, na dawa hiyohiyo inaweza kumvujisha damu kichwani ikamwua. Dalili ya kwanza ilikuwa saa ngapi? Ganzi, kichwa, ulimi mzito, chochote."

Msumari akafungua mdomo. Foleni ya choo aliikumbuka, na mkono ukisuguliwa, na maneno yake mwenyewe kuhusu spika. Akahisi macho ya shemeji yake ubavuni. Akisema saa saba, atakuwa amesema yote: kwamba aliambiwa mara tatu, kwamba aliombwa nyumbani, kwamba aliusogeza mwili huu mbele ya jukwaa kwa mikono yake. Na dawa haitatolewa, na mwalimu atabaki hivi, na kila siku ya Mungu akiamka atamkuta kitandani amelala anamtazama. Akisema saa tisa, huenda akainuka. Huenda. Alijishika kwenye neno hilo, na ndani yake alijua anajishika kwa ajili ya nani.

"Saa tisa," akasema. "Alikuwa mzima kabisa, anacheza. Hakulalamika chochote."

Mkono wa kushoto wa mwalimu ukainuka juu ya shuka. Akafungua vidole vitano, akavionyesha upande wa daktari. Akavifunga. Akainua viwili. Akavifunga, akaanza upya, polepole, kama anavyowaonyesha watoto wa darasa la kwanza ambao hawajajua kusoma tarakimu. Vitano. Viwili.

Daktari akageuka. Akauliza mgonjwa anataka kusema nini.

"Ananitafuta mimi," akasema Msumari. Akaudaka ule mkono kabla haujafunguka mara ya tatu, akaufumbata kwa mikono yake yote miwili, akauweka kifuani, kwenye vyuma vya koti. Mwalimu akavuta. Alivuta kwa nguvu zote alizobakiza upande huo mmoja, kucha zikamwingia mumewe kiganjani, na Msumari akakaza. Shemeji alipoona wameshikana hivyo, akalegea, akajifuta macho kwa pindo la mtandio. Akamwambia daktari awahi basi, muda unakwenda.

Daktari akaandika saa tisa, akamwagiza muuguzi alete dawa.