Mpunga wa Ndoo ya Saba

Miaka kumi na mmoja nilichuma chai Mogogosiek, nikaapa sitairudia. Kwa hiyo mwaka tisini na saba Daktari Kiptanui, mtafiti wa mimea, aliponichukua nimtunzie mpunga wake wa majaribio ya ukame kule Soin, nilimshukuru hadi nikamchosha.

Mpunga ulikuwa kwenye nyumba ya nailoni, na nyumba yenyewe tanuri. Ndoo thelathini, amri moja: hakuna tone la maji kwa siku kumi na nne. Hata mlango niliufunga, upepo usije ukarusha mvua ndani. Nilishinda humo nikitazama mimea ikifa kwa kiu, na debe la maji liko miguuni pangu, la kunywa mimi.

Daktari alinieleza. Mizizi ndiyo inayohisi udongo kukauka. Inatengeneza homoni, inaipandisha hadi kwenye majani, na vile vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia vinajifunga, maji yasitoke. Nikamwuliza, sasa litakula nini, maana alikwisha kuniambia chakula chake hutokana na hewa inayopita kwenye vitundu hivyo hivyo. Akasema hapo ndipo penye shida: likifungua linakauka, likifunga linalala njaa. Nililionea huruma. Najua kuishi hivyo.

Siku ya kumi na nne ilibaki ndoo ya saba peke yake, shina moja la kijani, suke bado limo ndani. Likizaa, mbegu ipo na kazi ipo. Lisipozaa, nyumba inafungwa, nami narudi kwenye chai.

Daktari alitaka jani moja akapime homoni. "Mama Zack, kata jani ya tatu kutoka juu, na makasi," akasema, kopo la barafu mkononi. "Ile ya juu usiguse, mtoto iko ndani. Na haraka, isipate joto."

Hiyo haraka ndiyo iliyoniponza. Jasho liliniingia machoni, makasi yakaniteleza, na mkono ukafanya ulichozoea: majani mawili na chipukizi, vuta, rusha nyuma ya bega kikapuni.

Kikapu hakikuwepo. Suke lilianguka sakafuni, jembamba, jeupe, halijaona jua.

Daktari hakunifokea. Aliketi juu ya ndoo tupu. Mimi nililia kwa hasira.

Jumatatu nilikuwa Mogogosiek, kikapu mgongoni. Msimamizi alinitazama nikichuma, akafurahi.

"Bonareri," akasema, "mkono yako haijasahau."