Mbuzi Aliyehudhuria Mafunzo

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Asenath alikuwa amekaa barazani kwake mtaani Umoja, Nairobi, amemlaza mjukuu wake Triza kifudifudi mapajani, akimpigapiga mgongo ili makohozi yatoke. Kiganja alikikunja kama mtu anayeteka maji. Mbuzi mweupe akaja kutoka Kiamaiko, mtaa wa machinjio ya mbuzi, akapiga goti, akaanza kumlamba mtoto shingoni.

"Leo umechelewa," Asenath akamwambia.

Mbuzi akaomba radhi. Alisema foleni ya machinjioni ilikuwa ndefu, na kila aliyekuwa mbele alitaka kumpisha.

Triza alikuwa na miaka sita na mwili wa mtoto wa mitatu. Jasho likimkauka, ngozi ilibaki na chumvi nyeupe. Zahanati ilikuwa imempa dawa za kifua kikuu mara mbili, na bado alikohoa. Mbuzi, aliyekwisha kulamba watoto wengi, ndiye aliyesema kwamba huo ni ugonjwa wa kurithi, sistiki faibrosisi.

Wakaenda wote watatu hospitalini, ambako timu ya utafiti wa ugonjwa huo na dawa yake mpya ilikuwa kwenye mafunzo. Walimu walikuwa ng'ambo, wakifundisha kupitia skrini. Somo la siku hiyo lilikuwa kupima chumvi ya jasho, inayozidi kwa wenye ugonjwa huo, lakini mashine ilikuwa imekwama bandarini tangu Januari. Nesi Norah akamwomba mbuzi asaidie. Mbuzi akatia kwato kwenye daftari la mahudhurio, kisha akawalamba watoto kumi na mmoja waliokuwa kwenye benchi, mmoja mmoja, bila haraka. Mbele ya wanne alisimama kuonyesha kwamba wanao ugonjwa huo, Triza akiwa wa mwisho.

Damu ya watoto wote ikapelekwa ng'ambo kupimwa. Baada ya wiki tano majibu yakarudi: ni wale wale wanne. Timu ikaitwa tena pamoja na watoto na mbuzi, na walimu wakapiga makofi kwenye skrini.

"Shosho, huyu mbuzi wako ametupita sisi wote," Norah akasema.

"Si wangu. Ni wa Sharmarke, mchinjaji wa Kiamaiko, na Idi imekaribia."

"Ai! Basi tumwombe Sharmarke achinje mwingine."

Asenath hakucheka. "Sasa ile dawa mpya mnayoijaribu, Triza ataanza lini?"

Daktari Mulama, mkuu wa timu, akatazama skrini. Skrini ikajibu kwa upole kwamba hapo hospitalini ni mafunzo na ushirikiano tu. Dawa itajaribiwa kwa watoto waliopimwa jasho kwa mashine.

"Lakini mbuzi amewapata wote."

"Amewapata, mama," Mulama akasema. "Ila kwenye fomu hakuna mahali pa kumwandika."

Mbuzi akainamisha kichwa. Akasema hata yeye aliisoma ile fomu.

Wakapiga picha ya pamoja. Kila mtoto akapewa fulana ya mradi. Ya Triza ilimfika kwenye vifundo vya miguu.

"Si neno," Asenath akasema, akimkunjia mikono ya fulana. "Mwakani itamtosha."

Norah akaanza kukusanya vikombe vya chai, kimoja kimoja, hata vile ambavyo watu walikuwa hawajamaliza.