Pete ya Punda

Mwaka jana nilifeli mafunzo kwa vitendo. Chuo chetu kinaruhusu kurudia mara moja tu, na mara hiyo ilikuwa leo, saa nne asubuhi, darasa la sita, shule moja huku Kiwangwa. Mkufunzi wangu, Mwalimu Alawi, alikaa nyuma na kalamu yake kama mtu anayesubiri kuchinja. Nilikalia kuti kavu.

Somo lilikuwa makumbusho ya mtandaoni niliyoyatengeneza mwenyewe: vyumba vitatu vya picha, unabofya kitu, maelezo yanatokea ukutani kwa projekta. Vitu vyote nilivipiga picha kwetu Bagamoyo, katika nyumba ya ukoo iliyojengwa enzi za biashara ya pembe za ndovu. Cha mwisho nilikikuta stoo chini ya magunia: pete ya chuma yenye bawaba na tundu la kufuli.

Baba alipoiona mkononi mwangu, alikaa kitako sakafuni.

"Huda, irudishe."

"Bila hii chumba cha tatu kitupu, Baba. Nitafeli tena."

"Basi andika ni ya punda. Nakuomba, mwanangu. Sisi tunaishi na watu hapa."

Baba yangu si mtu wa kuomba. Niliandika punda. Mstari wa mwenye mali niliuacha wazi.

Chuo kinataka kila kitu kipigwe picha pamoja na kipimo. Mimi, kwa bidii zangu za kijinga, niliizungushia pete futi ya fundi cherehani: sentimita thelathini na nne. Tena nikabuni la kumfurahisha mkufunzi. Wanafunzi wakate ukanda wa karatasi wa urefu huo, waukunje duara, ili na wao waishike pete.

Wakakata. Mwalimu Alawi akaandika huku akitikisa kichwa kukubali, nami nikapumua kwa mara ya kwanza mwaka mzima.

"Mwalimu," akasema Mtoro, "babu ana punda wa kubebea maji. Shingo yake haiingii humu hata nusu."

"Labda mtoto wa punda," nikajibu.

Fatu wa dawati la mbele aliuzungusha ukanda wake shingoni, akabana ncha kwa vidole.

"Inanienea mimi, mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Wakaanza kujaribu mmoja mmoja, shingo arobaini, nami nimesimama na kipanya mkononi naomba ardhi inimeze. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilijiumbua kwa futi na mkasi. Nilimtazama Mwalimu Alawi aniokoe. Aliweka kalamu chini.

Nikafungua maelezo, nikafuta punda. Nikakosea mara mbili, wao wakisoma kila herufi ukutani. Nikaandika: watu.

Fatu alikuwa bado ameushika ukanda shingoni.

"Na hapo kwa mwenye mali pako wazi. Ilikuwa ya nani?"

Akilini nilimwona Baba amekaa kitako stoo. Nisamehe, Baba.

"Ya babu yake babu yangu," nikasema.

Fatu akauvua ukanda, akaukunja vizuri, akauleta mezani kwangu.

"Basi shika, mwalimu. Ni ya kwenu."